Somo: Kusoma maji na rutuba kwenye malisho makavu, kabla na baada ya mvua ya kwanza

Habari zenu wafugaji wenzangu wa Longido, Monduli na Simanjiro, na ndugu zetu wa Kahe kule Moshi. Kila vuli ikikaribia naulizwa swali moja: inakuwaje mvua inyeshe sawasawa kwenye vitongoji viwili vinavyopakana, halafu kimoja kiwe kijani na kingine kibaki vumbi? Jibu liko ardhini, na ukichimba utaliona. Tafuta sururu, koleo, futi kamba na kipande cha nondo chenye urefu wa mita moja, ncha yake imechongwa.

Hatua ya 1: Chimba kungali kukavu

Chagua sehemu mbili: moja iwe wazi yenye mafundo ya nyasi, nyingine iwe chini ya mgunga mkubwa, yaani oltepesi. Chimba hadi nusu mita na ukate ukuta mmoja wa shimo wima ili uone vizuri. Mizizi mingi ya nyasi utaikuta kwenye sentimita 20 hadi 30 za juu. Ya mgunga iko ya aina mbili: mingine inatambaa juu juu na kupita mbali nje ya kivuli, mingine inateremka hata sururu isifike. Miti ya nchi kavu haina mchezo kwa hilo. Kule Kalahari, Botswana, wachimba visima waliwahi kukuta mizizi ya mti wa jamii ya Boscia kwenye kina cha mita 68.

Sasa chukua mzizi wa nyasi uukwaruze kwa ukucha. Ukiwa mweupe ndani na una unyevu kidogo, uko hai. Ukiwa wa kahawia na unakatika ukiukunja, umekufa. Kisha fungua fundo lenyewe pale linapogusana na udongo, utafute vitako vyeupe vilivyonenepa. Hapo ndipo nyasi ilipoweka akiba yake ya chakula. Fundo lisilo na vitako hivyo litachelewa kuchipua hata mvua ikija nzuri.

Hatua ya 2: Fuata mvua kwa nondo

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Milimita 10 zikianguka kwenye udongo mkavu wa kichanga huzama takriban sentimita 10. Kwenye mfinyanzi mweusi hazifiki hata nusu ya hapo. Asubuhi baada ya mvua, chomeka nondo kwa nguvu ya mkono tu, usiigonge. Itateleza kwenye udongo uliolowa na itagoma itakapokutana na ukavu. Shika kwa kidole pale ilipoishia, chomoa, pima. Rudia kwenye fundo la nyasi, kwenye njia ya ng'ombe na chini ya mti. Ukikuta njia ya ng'ombe imelowa sentimita 3 na fundo la nyasi limelowa 12, basi umejua maji yako yameenda korongoni.

Hatua ya 3: Zihesabu siku za mwanzo

Hapa naomba tutulie, maana ndipo wengi tunapopoteza. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka kwa muda mrefu ukilowa, bakteria na vijidudu vyake huamka ghafla, hula mabaki ya mimea na ya wenzao waliokufa kwa ukame, na kuachilia nitrojeni nyingi kwa siku chache. Baadaye kasi hiyo hushuka. Kiangazi kikiwa kirefu, mfumuko wa mwanzo nao huwa mkubwa.

Kwa hiyo nchi kavu hainyeshewi maji matupu. Mvua ya kwanza inakuja na mbolea, na anayeipata ni mmea uliokuwa na mizizi hai karibu na uso wa udongo siku ile. Kwenye ardhi tupu, nitrojeni hiyo inaoshwa na maji, inazama chini au inapotelea hewani.

Fosforasi, chakula kingine cha mmea, ina tabia tofauti. Yenyewe haisafiri mbali, mzizi ndio unaoifuata, ukisaidiwa na fangasi wanaoishi nao. Udongo ukikauka, fosforasi inaweza kuwepo na mmea ukaikosa.

Hatua ya 4: Zuia mifugo hadi jani la nne

Machipukizi ya kwanza hujengwa kwa akiba ile tuliyoiona kwenye vitako. Ng'ombe akiyakata mapema, nyasi inatumia akiba mara ya pili na mizizi inasimama. Mmarekani F. J. Crider alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 1955: nyasi zilizokatwa asilimia 80 ya majani yake zilisimamisha ukuaji wa mizizi kwa siku 12. Zilizokatwa nusu au chini ya hapo hazikuathirika sana. Kwa vuli zetu hizi za kubahatisha, siku 12 zinatosha kukosa mbolea yote ya mvua ya kwanza.

Kigezo changu ni jani la nne lililokunjuka kikamilifu, ndipo niruhusu mifugo, na watoke nusu ya nyasi ikiwa bado imesimama. Wenye alalili, yaani malisho ya akiba, tayari mna utaratibu wa kuyafunga. Uheshimuni hata jirani akinung'unika.

Hatua ya 5: Uangalie mti kwa haki

Utafiti wa kwenye migunga ya hapa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2003, ulikuta kwamba usiku mizizi hupandisha maji kutoka chini na kuyavujisha kwenye udongo mkavu wa juu. Lakini katika jaribio jingine, nyasi zilipotenganishwa na mizizi ya mti kwa mfereji, ziliota zaidi. Maana yake mti unatoa, na pia unagombea. Mimi nasema migunga mikubwa iliyotawanyika ibaki, na vichaka vya miiba vya oiti vilivyofungana vipunguzwe.

Maswali ya wanachama

*Longido: Mwalimu, shikamoo. Kwetu udongo mweusi wenye eluai, ile migunga midogo ya miiba, unachelewa kijani kuliko kichanga, na wazee wanasema mweusi ndio wenye nguvu. Nani mkweli?*

Marahaba. Wote wakweli. Mfinyanzi hushikilia maji ya mwanzo juu juu na jua linayachukua, tena yanayobaki unayabana hadi mzizi unashindwa kuyavuta. Ukishalowa vizuri, ndipo utajiri wake unaonekana na unyevu unadumu. Malisho ya kichanga yatangulie, mweusi usubiri.

*Monduli: Kwenye boma letu la zamani nyasi hupendeza kila mwaka. Niisombe samadi ya pale niitawanye?*

Mama, pale paache. Rutuba ya boma lililohamwa hudumu miongo. Badala yake lazeni ng'ombe kwa wiki chache kwenye sehemu iliyochoka, kisha msogee. Mkojo na samadi vitaachwa pale pale vinapohitajika.

*Kahe: Mshubiri unakaaje mbichi kiangazi chote?*

Unafungua vitundu vya majani yake usiku, kukiwa na baridi, unaingiza hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi. Mchana unafunga na kuitumia. Maji yanayopotea ni kidogo sana, ila ukuaji wake ni wa polepole.

*Longido: Makinga maji ya nusu duara tuyachimbe lini, na mdomo uelekee wapi?*

Chimbeni kabla ya vuli, mdomo uelekee juu ya mteremko, udongo uliochimbwa urundikwe upande wa chini. Pangeni kwa kupishana, maji yanayoponyoka safu ya juu yadakwe na ya chini. Mbegu za nyasi zifunikwe kwa udongo kiduchu, usizidi sentimita moja, na mbuzi wasiingie msimu wote wa kwanza. Nondo ichomekwe ndani na nje ya duara baada ya kila mvua, mniletee vipimo.