Insha ya ubaguzi wa rangi: anza na Mkunazini

Wadogo zangu wa skuli mnaoingia shindano la insha, jamani msianze na "tangu enzi na enzi", anaesahihisha kashazisoma arubaini za hivo hivo. We nenda Mkunazini, hapo Mji Mkongwe Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873, simama pale uwanjani kwenye yale masanamu 5 yaliyomo shimoni, tizama mnyororo unavopita shingo hadi shingo, alafu andika ulichoona wewe na si ulichokopi gugo, aya hiyo moja ndo itakubeba. Ila wengi wanateleza hapa: soko kufungwa si utumwa kwisha, kisheria umefutwa 1897, tofautisha.

Upande wa sasa chagua kitu kimoja tu. Kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuliwa na polisi kule Minneapolis 2020, sawa, lakini mie ningeanza nyumbani, kwa nini bi harusi anaambiwa ajichubue ndo apendeze? Bibi yako muulize mambo ya zamani, usimkate maneno, mwache anywe chai yake ataeleza mwenyewe.

Ukimaliza isome kwa sauti, pumzi ikikukatika katikati ya sentensi, ikate (mie mwenyewe sifati hilo, hahaha).