Namna ya Kumtambua Crambus perlella, Nondo Mweupe wa Malisho Mabichi

Ukipita katika malisho ya Ulaya yenye unyevu kati ya Juni na Agosti, nondo wadogo huinuka mbele ya miguu yako, huruka hatua chache, kisha hutua tena kwenye shina la nyasi. Miongoni mwao yumo Crambus perlella, aliyepewa jina hilo la kisayansi na mwanaasili Scopoli mwaka 1763. Weupe peke yake hautoshi kumtambua, maana nondo weupe ni wengi.

Anza na mkao wake. Akitulia, huyakunja mabawa yakauzunguka mwili kama karatasi iliyoviringishwa, na mbele ya kichwa huchomoza viungo viwili virefu vilivyoshikana, vinavyofanana na mdomo uliochongoka. Nondo mweupe aliyetandaza mabawa bapa juu ya jani si wa kundi hili.

Kisha mtazame kwa lenzi, ukiugeuza taratibu mtungi wa kioo uliomweka ndani yake ili mwanga umpige kutoka pembeni. Mabawa ya mbele, ambayo yakikunjuliwa hufikia milimita 21 hadi 28 kutoka ncha hadi ncha, hung'aa kama hariri, na mng'ao huo husogea kadiri unavyougeuza mtungi. Kwangu mimi hii ndiyo alama inayopendeza kuliko zote. Mabawa ya nyuma ni ya kijivu. Usimchanganye na nondo wengine wawili wa nyasi: Crambus pascuella ana mstari mpana mweupe juu ya bawa la kahawia, ilhali Agriphila straminella, ambaye ni mdogo zaidi na ana rangi ya majani makavu, ana vidoa vidogo vyeusi kwenye ukingo wa bawa. Perlella wa kawaida hana mstari wala kidoa.

Nasema wa kawaida kwa sababu lipo umbo liitwalo warringtonella, ambalo mishipa ya mabawa yake ya mbele imepakwa michirizi ya rangi ya moshi, nalo huwapotosha wengi wakadhani wamepata spishi nyingine. Tazama nafasi zilizo kati ya michirizi hiyo: mng'ao uleule utauona hapo.

Usimshike mabawa, kwa kuwa magamba hupukutika kama unga na kuondoka na alama. Nondo aliyechakaa, ambaye vidoa vyake, kama alikuwa navyo, huenda vimekwisha kufutika, mwandike kwa jina la familia tu, yaani Crambidae.