Mambo ya kuzingatia kabla mzazi hajarudi nyumbani baada ya upasuaji wa moyo

Siku ya kuruhusiwa, ndugu hubeba mabegi mbiombio waondoke wodini. Subiri kwanza. Kaa na muuguzi mpitie karatasi ya ruhusa dawa moja moja: ni ya nini, inamezwa saa ngapi, mpaka lini. Chukua namba ya simu ya kliniki na tarehe ya kurudi. Bila hivyo usiite gari.

Na liwe gari kweli. Bajaji inarusha, bodaboda isitajwe kabisa. Kwa upasuaji wa kufungua kifua, mfupa wa kidari hupasuliwa katikati ukafungwa kwa waya, na huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Muda huo asinyanyue ndoo, asibebe mjukuu, asisukume mlango mzito, asiendeshe gari. Nanyi msimvute mikono wala kumnyanyua kwa makwapa. Asogee ukingoni mwa kiti, ainame mbele, ainuke kwa nguvu za miguu. Akikohoa, akumbatie mto kifuani.

Choo cha kuchuchumaa kitamtesa. Nunua kiti cha plastiki, kikate tundu katikati, kiwekwe juu ya shimo, uhakikishe hakitelezi. Fanya hivyo kabla hajafika.

Nunua mizani. Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, na uandike. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, miguu ikavimba au akashindwa kulala bila mito mingi, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Maji yanajaa mwilini. Chumvi ipunguzwe: ng'onda, dagaa wa chumvi na vile vidonge vya kuungia mchuzi viwekwe kando.

Wageni waje wachache, wakae kidogo, na mwenye mafua abaki kwake.

Sasa dawa. Hapa ndipo nataka usome polepole.

Mama yetu aliwekewa vali ya chuma, yaani mlango wa bandia ndani ya moyo unaopitisha damu upande mmoja. Yake ilikuwa imeharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Mwenye vali ya chuma humeza warfarini maisha yake yote ili damu isigande kwenye vali, na hupimwa INR kuona damu inachukua muda gani kuganda. Yeye alitakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Tulijua hayo yote. Tulijua hata habari ya mboga: mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, asiache ghafla wala asifululize.

Kidonda kikapona, akaanza kutembea hadi kwa jirani. Kisha tumbo likamsumbua, akaharisha. Mama mdogo, kwa mapenzi tu, akaenda duka la dawa akaeleza dalili, akapewa metronidazoli. Nani nchini hapa hajawahi kuimeza? Muuzaji hakuuliza mgonjwa anatumia dawa gani, na mama mdogo hakujua kwamba hilo ni jambo la kusema. Tumbo likatulia. Siku chache baadaye mama alipiga mswaki, fizi zikatoka damu isiyokoma. Mapajani yakatokea mabaka ya zambarau bila kugongwa popote. Tulipoona choo chake kimekuwa cheusi kama lami tukamkimbiza hospitali. INR ilikuwa imepita 9.

Metronidazoli huzuia ini lisiivunje warfarini, hivyo dozi ile ile ya kila siku inageuka kubwa mno. Na kumrekebisha si kazi nyepesi. Madaktari walimpa vitamini K kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ukiirudisha damu kwenye kuganda kwa pupa, donge linaweza kukaa kwenye vali. Alipona, lakini nilimwona mama akiwa mweupe viganjani, na sitaki mtu mwingine aone hivyo kwa mzazi wake.

Kwa hiyo andika kwenye kikaratasi: ANATUMIA WARFARINI. Kikae kwenye pochi yake, kingine ukutani, na kila anayeingia jikoni kwenu akijue. Metronidazoli, septrini, diklofenaki, ibuprofeni, aspirini ambayo daktari wake hakuandika, dawa za kienyeji za mizizi na za unga: hakuna hata moja bila kuuliza kliniki. Sindano ya takoni pia. Damu huvujia ndani ya msuli. Akisahau kidonge, usimpe viwili kesho yake.

Homa nayo usiifanyie kazi kwa mazoea. Mwenye vali ya bandia akifika nyuzi 38, apimwe malaria, sawa, lakini apelekwe hospitali wajue ana vali, wachukue damu ya kuotesha vijidudu kabla ya antibiotiki. Kidonda kikitoa usaha au kidari kikilia kako kako anapogeuka, hospitali. Daktari wa meno aambiwe kabla hajagusa jino. Akilia bila sababu au akikosa usingizi, kaa naye, na kliniki waambie hilo pia, maana huwapata wengi baada ya upasuaji huu. Na dawa zisiishe Ijumaa jioni. Hesabu vidonge mapema.