Somo: Namna ya kuokoa kumbukumbu za uwanja wetu wa bembea uliofungwa

Mbukwenyi wana Dodoma na wote mliokulia hapa.

Tuliokuwa watoto miaka ya 90 tunaujua ule uwanja. Iddi au Krismasi ikifika unavalishwa nguo mpya na viatu vinavyobana, unapewa hela ya tiketi, mnashuka kwa miguu kundi zima toka Makole na Majengo, mkifika getini vumbi liko mpaka kwenye nyusi. Ulifungwa siku nyingi, vyuma vikauzwa skrepa, saa hizi pana fremu za maduka.

Mi nilianza kukusanya picha mwaka juzi na nilikosea, na hilo kosa ndo sababu ya kuandika somo hili. Nilianza na picha nikaacha watu. Yule mzee wa jenereta, aliyekuwa anawazungusha wale farasi wa bembea ya kuzunguka kwa mkono umeme ukikata, nilijua kabisa anakaa Chang'ombe, nikawa nasema wiki ijayo, wiki ijayo. Siku naenda nakuta turubai na viti vya msiba. Picha bado zipo kwenye albamu za watu mpaka leo, ila alichokijua yule mzee kimeenda naye na sijapata mwingine wa kunieleza.

Kwaiyo hatua ya kwanza ni watu. Andika majina: fundi, mkata tiketi, mlinzi, mama wa barafu za ukwaju, mpiga picha aliyekuwa anazunguka pale na kamera shingoni. Anza na mwenye umri mkubwa au anayeumwa, sio anayekaa karibu na kwako. Ukifika usimuulize "palikuwa pazuri eh?" maana atakujibu ndiyo na mazungumzo yameisha. Muulize ukiingia getini kushoto kulikuwa na nini, jenereta ilikuwa inaliaje, mtoto akianguka alikuwa anapelekwa wapi, hela ya siku ilikuwa inahesabiwa na nani. Kisha nyamaza, hata akikaa kimya usimkimbize, mara nyingi kitu kizuri kinakuja baada ya ule ukimya. Kurekodi simu inatosha, ila iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati, iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, zima feni na redio, na kaeni ndani, upepo wetu wa Dodoma unajua kuharibu sauti aisee. Mwanzoni kabisa sema tarehe, mahali, jina lake, naye aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali kurekodiwa.

Hatua ya pili, ramani. Nunua karatasi ya manila na penseli, kalisha watu watano wachore uwanja kwa kukumbuka. Watabishana, waache wabishane, ndo utamu wenyewe, maana mtu akibishiwa anakumbuka vitu ambavyo ungemuuliza asingevitaja. Sisi tulibishana karibu saa nzima geti lilikuwa upande gani, mwisho tukafungua Google Earth kwenye kompyuta, ukirudisha miaka nyuma kuna picha za zamani za satelaiti, tukauona ule mwarobaini mkubwa wa getini na watu wakakubaliana palepale.

Hatua ya tatu ndo picha. Usiondoke na albamu ya mtu, nenda naye steshenari mkaskani pamoja arudi nayo nyumbani kwake. Mwambie kijana wa steshenari aweke 600 dpi (wingi wa nukta za picha kwa kila inchi) kwa picha ndogo, 300 haitoshi ukija kuikuza. Ukipata negativu, ule mkanda wa filamu uliosafishiwa picha, shukuru Mungu, hiyo ni bora kuliko picha yenyewe. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kalamu ya wino inakandamiza mpaka alama inatokea mbele. Na tafadhali jamani, MSIFANYE LAMINESHENI! Najua watu wengi wanaona ndo kuitunza, lakini ule moto na gundi picha haitoki tena humo salama. Bahasha ya karatasi inatosha, ndani ya boksi lililoinuliwa toka sakafuni, mchwa wa huku mnawajua.

Vitu pia. Tiketi, kipande cha bango, kiti cha bembea kilichobaki uani kwa mtu, usipake rangi mpya, piga picha kilivyo. Kule Cleveland, Marekani, uwanja wa Euclid Beach ulifungwa 1969, lakini farasi wake wa kuzunguka walitunzwa, wakakarabatiwa na mwaka 2014 watoto wakaanza kuwapanda tena.

Kuhifadhi ni rahisi: nakala tatu, moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, moja mbali na hapo, iwe mtandaoni au kwa ndugu mkoa mwingine. Kwenye WhatsApp tuma kama faili, ukituma kama picha inapunguzwa ubora.

MASWALI YA WADAU

Swali, Nkuhungu: Dada, picha za mama zimegandana na ile karatasi ya gundi ya albamu, nizivute?
Jibu: Usivute mpenzi. Piga picha au skani ukurasa mzima kwanza zikiwa humohumo. Halafu chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe taratibu nyuma ya picha kama unakata sabuni. Ikigoma iache ilivyo.

Swali, Kizota: Tunao mkanda wa deki wa bethidei ya kaka tuliyoifanyia pale. Bado utacheza?
Jibu: Uangalie kwanza, ukiona ukungu mweupe usiuweke kwenye deki kabisa, unaharibu vyote viwili. Ukiwa safi tafuta mwenye deki nzima auhamishie kwenye kompyuta, na usiendelee kusubiri, ile mikanda inachoka hata ikikaa kabatini.

Swali, Area C: Picha zina watoto wa watu, naweza kuzirusha tu?
Jibu: Uliza kwanza, hao watoto saa hizi ni watu wazima wana usemi wao. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika toka Mei 2023. Asiyetaka, tunza picha yake bila kuirusha.

Swali, Chamwino: Mi sina picha hata moja. Nyumbani hela ya tiketi haikuwepo, tulikuwa tunachungulia kwa nje kwenye ua wa minyaa. Nachangia nini sasa?
Jibu: Kaka yangu, wewe ndo nakutafuta. Wote niliowarekodi mpaka sasa walikuwa ndani. Hamna hata mmoja aliyeniambia kwa nje palionekanaje, mlikuwa wangapi, mlinzi akiwaona alifanya nini. Hilo tundu la kuchungulia lilikuwa upande wa barabarani au wa korongo? Kwenye ramani yetu upande wa korongo ni mweupe kabisa. Jumamosi nikija huko nakuja na manila na penseli.