SOMO: Kabla ya kupuliza dawa, geuza jani

Kila nikifungua simu nakuta picha ya jani la pilipili lililojikunja, na swali ni lilo hilo: "Nipulize dawa gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni hapa.

1. Geuza jani. Wadudu wengi hujificha upande wa chini.

2. Mjue mdudu mwenyewe ni nani. Vidukari ni wadogo, wa kijani au weusi, na husongamana kwenye machipukizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina, tafuta vidukari: sisimizi huwalinda ili wapate utamu wanaoutoa. Nzi weupe hutimka kama majivu ukitikisa mmea. Utitiri ni vigumu kuuona, ila jani huwa na vitone vya manjano na utando mwembamba. Huzidi kaskazi, wakati wa joto na ukavu. Vidung'ata ni vile vipamba vyeupe kwenye maungio, hasa mipapai. Unga mweupe juu ya jani la boga au tango si mdudu, ni ukungu uitwao ubwiri unga.

3. Kata majani yaliyoharibika sana, yafunge mfukoni, tupa mbali.

4. Piga maji kwa nguvu chini ya majani. Vidukari na utitiri hupungua sana kwa hili peke yake.

5. Mwarobaini. Hapa ndipo watu huunguza mimea kisha wakalaumu mti wa watu. Twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka usiku kucha katika lita 5 za maji, chuja kwa kitambaa mara mbili, la sivyo chupa ya kupulizia itaziba. Tia sabuni ya kipande iliyokunwa, kijiko kimoja cha chai kwa lita, ili dawa ishike jani. SI SABUNI YA UNGA. SI DAWA YA MADOA. Jaribu jani moja, ngoja hadi kesho. Puliza jioni jua likishapoa: jua la saa sita likikuta sabuni kwenye jani, jani huungua, na jua hilo hilo huondoa nguvu ya mwarobaini. Tumia siku hiyo hiyo. Na usitarajie wadudu wadondoke mbele yako. Mwarobaini huwakatisha kula na kuwazuia kukua.

6. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, mayai yakishaanguliwa.

MASWALI

Wa Likoni: Nyanya zangu zina shida, dawa gani?
— Umegeuza jani? Namba 1.

Wa Changamwe: Mwarobaini ni mambo ya kizee. Ya dukani yaua papo hapo.
— Yaua, pamoja na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari bure. Mchicha wenyewe wauchuma keshokutwa. Fanya utakavyo, lakini soma kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kuvuna.

Bi wa Tudor: Samahani mwalimu, nyanya yangu yanyauka mchana ikiwa bado kijani. Nimegeuza majani, hamna kitu. Udongo una maji.
— Swali zuri, bibie. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kitie kwenye gilasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi wa maziwa unateremka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa na mizizi yake, osha kisu, na udongo huo usiutie nyanya, biringanya wala pilipili. Usipoona uzi, niandikie tena, tutazame mizizi.

Wa Kisauni: Yangu yakauka ncha na kingo tu, mimea yote.
— Wamwagilia maji gani?

Wa Kisauni: Ya kisima.
— Yaonje. Yakiwa na chumvi, umepata jibu. Kinga maji ya mvua ya masika, uyamwage mengi hadi yatoke chini ya chungu, chumvi ishuke.

Wa Mji wa Kale: Mimi vyungu nimeviweka kwenye sahani za maji, sisimizi hawapandi.
— Sisimizi hawapandi, lakini mbu wa homa ya denge wazaa humo. Angalau tia maji ya sabuni, na ubadilishe mara kwa mara.

Wa Mji wa Kale: Sabuni ya unga yafaa?
— Kwenye sahani, ndiyo. Kwenye jani, namba 5.