Kabla ya Kununua Lenzi Moja ya Kuzunguka Nayo Bagamoyo

Katika kichochoro kimoja kinachotokea Mtaa wa India, hapa Bagamoyo, pana mlango wa kuchonga ulionishinda miaka miwili mfululizo. Nilikuwa narudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo unagusa ukuta wa nyumba ya pili, na bado kizingiti cha juu, palipo na nakshi zote, kilibaki nje ya picha. Kamera ilikuwa nzima. Lenzi ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kumiliki: Canon ya milimita 24 hadi 105 (milimita chache huona pana, nyingi huvuta kitu kikaja karibu), tundu lake la mwanga likiwa f/4 mwanzo hadi mwisho. Kosa lilikuwa langu mimi mnunuzi: nilitazama inavuta mpaka wapi, sikuuliza inaanzia wapi.

Basi kabla hujauliza bei, ijue sensa ya kamera yako, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha. Kamera nyingi za SLR (zile zenye kioo cha kuakisi ndani) tulizo nazo mikononi, kama Canon 700D au Nikon D5600, zina sensa ndogo, si fulu fremu, ile kubwa inayolingana na filamu ya milimita 35. Sensa ndogo hukata pembeni mwa picha inayoletwa na lenzi, kwa hiyo kila milimita iliyoandikwa kwenye pete ni ya kuzidisha mara 1.6 kwa Canon na mara 1.5 kwa Nikon ili ujue ingekuwa sawa na ngapi kwenye fulu fremu. Ile 24 yangu ilikuwa sawa na 38 hivi, na 38 si pana hata kidogo. Inayoanzia 18 huwa kama 29 kwa Canon na 27 kwa Nikon, na hapo ndipo lenzi ya kutembea nayo inapostahili kuanzia. Inayoanzia 15 au 16 ni bora zaidi kwa mtu wa Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Milimita tatu zinaonekana si kitu, lakini kwenye Canon ya sensa ndogo, 18 huona takribani nyuzi 74 kutoka pembe hadi pembe, na 15 huona takribani 84. Huku kwenye upana kila milimita ni mali. Huko kwenye kuvuta, mtu akikuongezea tatu hutajua kama ameongeza. Mlango wangu niliupata siku nilipoazima Canon ya 15-85: miimo yote miwili, mfaa wa katikati, kizingiti na kipande cha baraza chini.

La kufunga lenzi kwenye kamera ni fupi, lakini limewaponza wengi. Lenzi za Canon zenye alama EF-S hazifungi kwenye kamera zake za fulu fremu. Za Nikon zenye alama DX hufunga, ila kamera huikata picha iwe ndogo. Kwa Nikon za mfululizo wa D3500 na D5600 tafuta herufi AF-S au AF-P, lenzi zenye mota yake yenyewe, maana kamera hizo hazina mota ya fokasi ndani. Lenzi ya zamani itaingia, itapiga, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono. Tena AF-P nayo haipatani na kamera kongwe kama D90. Ukiwa na mpango wa kuhamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless) baadaye, lenzi za Canon EF na EF-S huhamia nazo kwa adapta bila shida.

Sasa fanya kazi ambayo hakuna muuzaji atakayekufanyia. Kila picha ya kidijitali hubeba taarifa zake ndani: saa, kasi ya shata (jinsi pazia la kamera lilivyofunguka na kufunga upesi), na milimita zilizotumika. Fungua picha zako za miezi michache iliyopita kwenye kompyuta, chagua zile tu unazozipenda, uandike milimita za kila moja kwenye daftari. Kama una ile 18-55 iliyokuja na kamera, angalia zimejazana wapi. Zikirundikana kwenye 18, unalilia upana, na lenzi ya kuvuta mpaka 300 haitakuponya. Zikirundikana kwenye 55 na bado umekata sehemu kubwa ya picha ili mtu aonekane karibu, basi unahitaji kuvuta. Nilipofanya hesabu hii kwa picha zangu, zilizozidi milimita 100 zilikuwa chache mno, na karibu zote zilikuwa za majahazi yakiwa mbali baharini alfajiri.

Nalisema hili kwa sababu ufukweni ndipo tamaa ya kuvuta inapomshika mtu. Jua hapa kwetu hutoka baharini, mashua zinaingia na samaki, watu wanapiga mnada mchangani, na mkono unatamani lenzi ya kufika kila kona. Siku moja nilisimama mbali sokoni nikimvuta mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki. Alinyanyua kichwa akaniita: "Mwanangu, ukinitaka njoo hapa unisalimie, usinivizie huko kama mwizi." Nikaenda, nikampa shikamoo, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na picha niliyoipiga kwa milimita 35, moshi na karai la mafuta vikiwa mbele na bahari nyuma yake, ndiyo niliyoitundika sebuleni. Kwa watu wa pwani, lenzi inayokulazimisha usogee na kusalimu ina faida kuliko inayokuruhusu kujificha. Anayepiga ndege kwenye mikoko au ngalawa za mbali ana haja tofauti. Huyo 18-200 itamfaa, au hata Tamron ya 18-400. Ila ajue anachotoa sadaka. Lenzi zinazobeba umbali wote huo hutoa picha isiyo na ukali zikivutwa mpaka mwisho, na zikiwa pana hupinda mistari iliyonyooka. Ukisimama karibu na mlango wa Kiswahili, miimo yake inatoka imevimba kama pipa. Programu ya kompyuta hunyoosha, lakini hukula kingo za picha.

Mwanga nauweka juu ya kuvuta. Zumu, yaani lenzi za kuvuta, nyingi za bei ya kati huandikwa f/3.5-5.6, na namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa. Maana yake tundu la kupitishia mwanga ni kubwa ukiwa upande mpana, na hupungua kadiri unavyovuta. Mchana wa Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yake ya nguzo, hilo halina tatizo. Jua la pale linakutaka ufunge tundu, si kulifungua. Tatizo ni usiku. Kaa kwenye ukumbi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ngoma ikiwa imepamba moto jukwaani. Tuseme kwa f/2.8 unapata kasi ya shata ya 1/250 kwa ISO 1600 (ISO ni wepesi wa sensa kuupokea mwanga), na mikono ya mpigangoma inaganda. Kwa f/5.6 mwanga unaoingia ni robo tu. Ama ushuke mpaka 1/60, mikono iwe ukungu, ama upandishe ISO mpaka 6400, picha ijae chembechembe. Kifaa cha kutuliza mtikisiko, kile kinachoandikwa IS kwa Canon na VR kwa Nikon, hutuliza mkono wako wewe. Mchezaji anayeruka hakimtulizi. Kwa hiyo kama riziki yako ni ngoma, harusi na shughuli za usiku, chukua zumu fupi ya f/2.8, kama Sigma ya 17-50, na ukubali kuwa huvuti mbali. Kama ni matembezi ya mchana, safari na familia, Canon 18-135 au Nikon 18-140 itakutosha vizuri, na pesa iliyobaki nunulia lenzi ndogo ya 50 f/1.8 kwa ajili ya usiku.

Uzito: kuibeba shingoni toka mjini mpaka Kaole kwa miguu kutakuambia kila kitu. Canon 18-135, toleo lenye alama STM, ina gramu 480, ile Tamron ya 18-400 inapita 700.

Na kuna chumvi. Lenzi inayotoka nje unapozumu huvuta hewa ndani kila ukiizungusha, na hewa yetu ina unyevu, chumvi na mchanga mwembamba. Hapa lenzi moja inayotosha ina faida ya ziada, kwamba huifungui kamera ufukweni upepo wa kusi ukivuma. Kabla ya kununua, tenga pesa ya filta ya kukinga kioo cha mbele. Kipenyo chake kimeandikwa kwenye lenzi, 67 kwa zile 18-135 na 18-140, 72 kwa 15-85. Nunua na boksi la plastiki linalofunga vizuri, utie vipakiti vya kukausha unyevu. Usiiache lenzi wiki nzima gizani ndani ya begi la ngozi: kuvu wa lenzi hupenda hapo hapo, na akishakula ule utando wa kioo, fundi humsafisha lakini alama hubaki.

Wengi wetu tunanunua lenzi iliyotumika, tena kwa kusafiri mpaka Dar. Nenda na kamera yako na kadi tupu. Mulika tochi ya simu upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili: nyuzi kama za buibui ni kuvu, muache muuzaji na mali yake. Zungusha pete ya zumu taratibu usikilize mchanga. Inamishe kamera chini uone kama lenzi inashuka yenyewe kwa kulegea. Piga picha ya ukuta wenye matofali kwa upana wote, tundu likiwa wazi kabisa, kisha uvute mpaka mwisho upige tena, ukuze picha kwenye skrini ya kamera ulinganishe pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu ni safi, lenzi hiyo huenda imeshaanguka. Mwombe muuzaji akupe nusu saa ukazitazame picha kwenye kompyuta kabla hujatoa pesa.