Somo: Kuchagua propela ya ndege nyepesi yenye injini ya gari

Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja kwa ukamilifu.

1. Tafuta nguvu ya injini katika mizunguko kwa dakika utakayoitumia angani, si ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

2. Kama kuna giaboksi, gawanya mizunguko ya injini kwa uwiano wake, upate mizunguko ya propela.

3. Chagua kipenyo. Zidisha kipenyo (katika mita) na 3.14, kisha na mizunguko ya propela kwa dakika, ugawe kwa 60, upate kasi ya ncha. Propela ya mita 1.37 kwenye Volkswagen isiyo na giaboksi, ikizunguka mara 3,400, ncha zake huenda takriban mita 244 kwa sekunde. Usivuke 270, kwa kuwa ukikaribia kasi ya sauti nguvu huishia kwenye kelele.

4. Chagua pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Hapa ndipo nilipokosea. Kwa tamaa ya mwendo nilichukua pichi kubwa, na injini yangu ya Volkswagen ikashindwa kuvuka mizunguko 2,500 ndege ikiwa imefungwa kamba ardhini. Nikaruka hivyohivyo nikidhani mwendo wa angani ungeipunguzia injini mzigo, nikamaliza karibu uwanja wote kabla ya kunyanyuka, huku vichwa vya silinda vikipata moto wa kutisha. Usiruke kabla ya kipimo cha ardhini, yaani mizunguko ndege ikiwa imefungwa, kuridhisha, na usikate ncha za propela mwenyewe ili kuirekebisha.

Maswali

Swali: Nina Subaru ya nguvu za farasi 100. Ninunue ipi?
Jibu: Hukutaja uwiano wa giaboksi, mizunguko wala mwendo wa ndege. Rudi hatua ya kwanza.

Swali: Kwa nini wengi hupendelea mbao kuliko alumini?
Jibu: Umeuliza jambo la msingi. Kila silinda inapowaka huisukuma shafti kwa pigo, na mapigo hayo hupanda hadi kwenye propela. Mbao huyameza kwa kiasi kikubwa, lakini alumini ambayo haijajaribiwa pamoja na injini ya aina hiyohiyo inaweza kutetema hadi ikapata ufa. Kipande cha ncha kikikatika, mtikisiko unaweza kuing'oa injini kwenye fremu yake.

Swali: Bolti za propela ya mbao hukazwa mara ngapi?
Jibu: Baada ya safari ya kwanza, kisha kila majira yanapobadilika, kwa sababu mbao husinyaa wakati wa ukavu na bolti hulegea bila kuonekana. Tumia spana yenye kipimo cha nguvu.